Nilipunga Leso kwa Jirani

Kilburn

Tangu nirudi kutoka Hispania mwezi wa Agosti mnaniuliza kulikuwaje, nami nawajibu kulikuwa na joto, kisha nawamiminia chai. Zuhura ameshachoka. Juzi alinifungia mlango wa jiko, akasema sitoki mpaka nieleze, na kama mdomo umekuwa mzito basi niandike. Haya, naandika. Nimechelewa kwa sababu safari yenyewe haikuwa na mwisho mpaka wiki iliyopita, simu ilipoingia kutoka Pemba. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Kila mmoja wenu ana yake, na hakuna aliyewahi kuyasimulia akachangamka.

Najua karatasi hizi zitapita mikono mingi, kwa hiyo kwa asiyenijua: mimi ni Mize binti Makame, nasoma uuguzi mwaka wa tatu hapa London, nakaa flati moja na Zuhura wa Unguja, na baba yangu alikuwa mcheza ng'ombe.

Kwetu Pemba mavuno yakimalizika watu hutoka kwenda kucheza ng'ombe. Fahali hufungwa kamba ndefu, zumari inalia, wanawake wanaimba, na mcheza anasimama mbele yake na kitambaa, anamwita kwa jina lake na kumkwepa. Wakubwa husema mchezo huu tuliachiwa na Wareno, na kwamba ndicho kitu pekee walichosahau kukibeba. Katika kijiji chetu mwanamke mmoja wa nyumba yenye ng'ombe hushika leso nyeupe. Leso ikipungwa, basi: kamba inavutwa, ng'ombe anapumzishwa, anarudi nyumbani kula. Mama alipofariki leso ilikuja kwangu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliniambia, "Ukimwona kachoka, punga. Usiningoje mie, usimngoje mtu." Mara moja nilipunga mapema mno na wanaume wakanijia juu. Baba aliwajibu kwamba mwenye leso haulizwi, akamshika ng'ombe wake akaondoka.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mkono haukunitisha sana, maana wodini nimeona mikono iliyorudi. Kilichonitisha ni kwamba alinyamaza. Mazoezi hataki, sahani anaisukuma, akiulizwa jambo anageukia ukutani. Kaka yangu Faki alinunua fahali mchanga mweusi ili amchangamshe, akamwomba ampe jina, kwani nyumbani kwetu jina la ng'ombe anatoa baba tu. Akakataa. Ng'ombe yule alikaa miezi sita akiitwa Wee.

Ndipo Ines, Mhispania tunayesoma naye, aliponialika kwao wakati wa sikukuu ya mji wao. Kutakuwa na ngoma usiku kucha, akasema, na jioni moja kutakuwa na ng'ombe. Nilimweleza baba kwa simu bila kutarajia jibu. Mara nikasikia sauti yake ya zamani.

"Kwa wenyewe khasa? Nenda, Mize. Kaangalie wanavyocheza, uniletee habari yote. Mie nakungoja."

Faki alinambia siku ile baba alimaliza bakuli zima la uji. Kwa hiyo msinione nilikwenda kustarehe. Starehe nilizipata, nitazieleza, lakini nilikuwa nimetumwa.

Zuhura alinionya, nami nakiri hapa kwa maandishi. Alisema, "Mize, wale wanawaua." Nikamjibu atajua nini Muunguja ambaye ng'ombe amekutana naye kwenye pilau.

Viktoria mpaka Dova

Basi liliondoka kituo cha Viktoria, hapa London, asubuhi, siku mbili mbele yetu. Ines alikuwa na begi moja dogo. Mimi nilikuwa na begi kubwa, mkoba wa chapati na mayai, ndoo ya plastiki ya visheti, na blanketi, kwa sababu sijawahi kuamini baridi ya mtu mwingine.

Kule Dova, bandari ya kuvukia Ufaransa, upepo ulikuwa mkali, meli zikasimama. Tulikaa ndani ya basi kwa saa tano tukiangalia mawimbi yakipiga ukuta. Humo ndimo mimi na Ines tulimozungumza habari iliyokuja kutuvuruga. Muelewe kwamba Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokoteza. Yeye anakiendesha kwa kasi na mimi nakubali nisichokisikia vizuri.

"Baba yako ni torero?" aliniuliza, na torero alishanieleza kuwa ni mcheza ng'ombe.

"Ndiyo. Alikuwa."

"Ng'ombe wangapi?"

Nikahesabu miaka. "Zaidi ya mia."

Akanitazama. "Na wote aliwamaliza mwenyewe?"

"Wote mwenyewe. Hakuwahi kumwachia mtu katikati."

Ines alishika kifua, akasema atampigia simu babu yake tukifika Ufaransa. Niliona ni heshima tu za watu wa sikukuu, nikampa chapati.

Ufaransa, kando ya barabara

Ufaransa ni kubwa kuliko nilivyodhani. Tulilala ndani yake, tukaamka bado tumo. Mchana wa siku ya pili, kusini, basi lilitoa moshi na dereva akaliweka kando ya mashamba ya alizeti. Alisema fundi anakuja. Fundi alikuja baada ya saa sita, na njia yote alikuja anakula.

Kiti cha nyuma yangu alikaa mama mmoja wa Kimoroko aliyekuwa akienda mpaka bandarini kupanda meli ya Tanja. Alinitolea salamu tangu Dova, nikamwitikia, na hapo maneno yetu yakaisha kwa pande zote mbili. Kando ya barabara ile alitandika shuka kwenye majani, akanivuta mkono nikae. Akatoa mayai ya kuchemsha na karatasi ya chumvi iliyochanganywa na bizari ya pilau. Nami nikafungua ndoo ya visheti. Alikula kimoja, akafumba macho, akachukua vitatu akavitia kwenye mkoba wake na kunionyesha kwa kidole upande wa kusini, ng'ambo ya bahari, kwa maana ya mtu fulani aliye nyumbani. Nikamwongeza vinne. Adhuhuri tuliswali pamoja, Ines akitushikia viatu, na dereva akipiga honi kwa makosa.

Usiku basi lilipoondoka tena mama yule alihamia kiti cha pembeni yangu, akalala na kichwa chake begani kwangu mpaka mpakani. Bega lilikufa ganzi. Sikulitikisa, kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu mtu mzima anilalie hivyo. Asubuhi aliposhushwa njia panda kubadilisha basi alinibusu paji la uso. Jina lake sikulijua.

Nyumba ya Babu Tomasi

Mji wa kina Ines ni mdogo, uko magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Ureno. Nyumba zake zimepakwa chokaa nyeupe na madirisha yamefungwa mchana kutwa, ungedhani watu wamehama. Babu yake, Tomasi, alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti la suti katika joto lile. Aliponiona alivua kofia, akaiweka kifuani, akasema maneno marefu.

Ines akatafsiri: "Anasema nyumba hii haijawahi kupokea binti wa torero. Anamsalimu baba yako. Anasema ng'ombe mia ni jambo kubwa."

Nikafurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilifikiri, baba angesikia.

Mzee yule amefiwa na mke, anaishi peke yake. Jikoni kwake paja zima la nguruwe lililokaushwa lilikuwa linaning'inia darini. Ines alishamwambia dini yangu, na yeye akalivalisha paja lile aproni ya marehemu mkewe, kamba zimefungwa nyuma vizuri, lisinikere. Siku zote nilizokaa pale mzee hakukata hata kipande. Nikipita chini yake nilikuwa naliambia samahani.

Nilikula nikashiba. Kuna mayai yaliyopikwa na viazi, mazito kama keki, na mimi nikawaambia hii ni chipsi mayai, tofauti ni kwamba mpishi wake hakuitwa na mteja barabarani. Kuna mchuzi wa tungule, nyanya hizi hizi, unaonywewa baridi. Niliupasha moto kwa kudhani wameusahau, babu akanywa kikombe chake cha moto mpaka mwisho bila neno. Ines alinieleza kosa langu kesho yake.

Mezani tukawa na mchezo. Nikasema hii kwetu ni meza. Babu akagonga mbao: "Mesa." Bendera? "Bandera." Mvinyo, nisioutumia? "Vino." Kila neno likipatana mzee anapiga kofi. Mimi nilizidi kuamini kwamba nimefika kwa wenyewe. Najua Hispania na Ureno ni nchi mbili, jografia nilifaulu. Lakini kwetu aliyekuja zamani na jahazi la mizinga ni Mreno, basi, nani anauliza zaidi? Niliwachukulia kama Wete na Chake, miji miwili ya kisiwa kimoja.

Watu wasiolala

Sasa starehe, Zuhura, usije ukasema nimeficha.

Kule watu wanakula saa nne usiku na ndiyo kwanza jua limewaachia. Baada ya chakula mji mzima hutoka. Wazee wanabeba viti vyao vya jikoni, mama anasukuma mtoto mchanga saa saba za usiku na hakuna anayemuuliza. Taa za rangi zimefungwa juu ya uwanja, bendi iko jukwaani, tarumbeta zinalia. Nilijifunga mtandio wangu wa kijani, nikavaa viatu vya Ines. Nilikunywa maji ya ndimu glasi sijui ngapi. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akiuza mbegu za kukaanga alinishika kiuno akanifundisha kuzungusha mikono juu ya kichwa, na mimi nikamfundisha kuzungusha pale tunapopazungusha sisi. Watu walituzunguka. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu ndani ya treni.

Tukahamia disko lililokuwa ghala la nafaka zamani, tukatoka jasho mwili mzima. Nilikuwa sijacheza tangu baba augue. Katikati ya muziki nikajikuta nalia, si kwa huzuni hasa, ni kama mtu aliyeshusha mzigo akagundua mabega yanauma. Ines hakuuliza. Alinishika mikono miwili tukaendelea kucheza.

Kunakucha tukala vijiti vya unga vilivyokaangwa, yaani kaimati zilizonyooshwa, tukichovya kwenye chokoleti nzito. Niliwahi nyumbani nikaswali alfajiri huku nje watu wakipita wanaimba. Babu Tomasi alikuwa ameshaamka. Alinikuta kwenye mkeka, akatembea kwa ncha za vidole kwenda kuzima redio.

Uwanjani

Siku ya ng'ombe babu alivaa suti tena. Kabla hatujatoka alifungua saraka, akatoa leso nyeupe ya mkewe iliyotariziwa herufi mbili pembeni, akaniwekea mkononi.

"Ya kupunga," Ines akatafsiri. "Bibi alikuwa nayo kila mwaka. Binti wa torero anajua wakati wake."

Najua, nikasema. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Uwanja wao ni wa duara, wa mawe, watu wamekaa ngazi kwa ngazi. Tarumbeta zilipolia moyo wangu ulipaa. Babu alisoma karatasi, akaninong'oneza jina la ng'ombe wa kwanza: Panadero. Ines akasema maana yake ni mchoma mikate. Nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu, la kumpelekea baba.

Panadero alitoka mbio, mweusi, mzuri, shingo imejaa. Hakuwa na kamba. Nikasema hawa ni hodari, wanacheza bila kamba. Akaja mtu juu ya farasi na mkuki, akamchoma begani. Niligeuka kumtazama Ines, naye alikuwa anatazama mbele. Wakaja wengine wakamchomeka vijiti vyenye karatasi za rangi, damu ikateremka mguuni. Nikajiambia ni desturi zao, dawa ya uchungu ni kumaliza upesi. Kisha akaja mcheza mwenyewe na kitambaa chekundu, na hapo, wenzangu, sitasema uongo: alicheza. Alisimama kama baba. Alikuwa na miguu ile ile isiyorudi nyuma. Nilisimama na mimi, nikasahau damu, nikawa nasema polepole maneno ya kwetu ya kumwita ng'ombe.

Ulimi wa Panadero ulikuwa umetoka. Nikatazama huku na huku kumtafuta mwenye leso. Hakuna aliyepunga. Nikaishika ile yangu, lakini niko ugenini, nikaona haya. Nikangoja. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilifundishwa nisingoje.

Mcheza akainama na upanga. Ilikuwa haraka sana. Ng'ombe akapiga hatua, akapiga magoti, akalala. Watu wakamzunguka, nisimwone tena. Na ghafla uwanja mzima ukageuka mweupe. Leso elfu kwa elfu, wazee, akina mama, wote wanapunga.

Nikasema alhamdulillahi, wameona kachoka. Nikapanda juu ya kiti cha mawe, nikapunga leso ya bibi kwa mikono miwili. Nilipunga kuliko wote. Nilipiga kelele kwa Kiswahili kwamba apumzishwe, aachiwe apumue, na watu wa nyuma yangu wakanishangilia. Babu Tomasi alikuwa analia kwa fahari.

Mkubwa aliyekaa juu akaweka leso yake ukingoni. Mtu mmoja akainama juu ya Panadero na kisu, akainuka na sikio, akampa mcheza. Punda wawili wakaletwa, wakafungiwa minyororo, wakamburura Panadero akiacha mstari kwenye mchanga.

Nikamuuliza Ines watu walikuwa wanapunga kuomba nini.

"Sikio," akasema. "Zawadi ya aliyemuua vizuri."

Nilishuka ngazi, nikatoka nje.

Nje ya ukuta

Nilikaa kwenye kivuli, nimeifumbata leso. Ines alikuja mbio, na nyuma yake babu, taratibu, na kofia mkononi. Ng'ombe watano walikuwa wamebaki. Ines alinambia baadaye kwamba mzee hajawahi kutoka kabla ya wa mwisho, hata mwaka aliofiwa.

"Umeumwa?" babu aliuliza. "Baba yako anafanya vizuri zaidi, ndiyo?"

"Baba yangu hajaua hata mmoja," nikasema.

Ines alinitazama muda kabla ya kutafsiri. Alimwambia polepole. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza: kwetu ng'ombe ana kamba, ana jina, anacheza, leso inapungwa, anarudi nyumbani kula. Kumaliza nilikosema ni kumaliza mchezo. Mimi ndiye mwenye leso, nimempungia Panadero wakamkata sikio, na huko nyumbani baba yangu mgonjwa anakula uji kwa kungoja habari hii. Nikimwambia, ndiyo nimemzima.

Babu alikaa chini mavumbini na suti yake. Nilijua ninamvunjia heshima aliyokuwa ananipa tangu mlangoni. Akauliza jambo moja.

"Mia moja. Na wote walirudi nyumbani?"

"Wote."

Akaiweka kofia kifuani, vile vile kama siku ya kwanza.

Mimi nikamnyooshea Ines mkono wenye leso, na kwa uchovu Kiswahili kikanitoka. "Ines, mpe babu leso yake."

Mzee akashtuka. "Amesema nini? Leso?" Alilirudia neno kwa namna yake, puani kidogo. Akamweleza Ines, naye Ines akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Kihispania hawasemi hivyo hata kidogo. Neno hilo ni la Kireno. Babu analijua kwa sababu ujanani alikuwa akivusha kahawa ya magendo kutoka Ureno, akiifunga kiunoni kwa leso kubwa kubwa.

"Neno hili si la hapa," alisema, akaonyesha machweo. "Ni la ng'ambo ile. Kule ng'ombe hauawi mbele ya watu. Ya nyuma ya mlango siyajui, sitakudanganya. Lakini uwanjani, hapana."

Kisha akaikunja leso ya mkewe mara nne na kunirudishia. Alisema mkewe alikuwa akifumba macho upanga ukitoka, miaka yote ile, na yeye alidhani ni jua.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kusema. Basi halikuharibika, bahari ilitulia, na mimi nilitamani vyote viwili viharibike. Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nitamwambia wanacheza na kamba. Nitamwambia zumari yao ni ya shaba. Niliupamba uongo wangu mpaka ukapendeza, na kila nikifumba macho nauona mstari ule kwenye mchanga.

Kilburn, kibanda cha simu

Ijumaa baada ya swala ndiyo siku yetu ya simu. Nilisimama kibandani, mvua inanyesha, basi zinapita. Faki alipokea kwenye duka la jirani. "Yuko hapa tangu asubuhi," akasema. "Kanyolewa. Kataka kanzu safi. Haya, zungumza naye."

"Mize," baba akasema. "Wanachezaje?"

"Vizuri, baba. Wanacheza vizuri sana."

"Miguu?"

"Miguu hairudi nyuma."

"Ehee." Nilimsikia anavuta pumzi kwa raha. "Na leso? Nani alipunga?"

Uongo wote wa njiani ukanitoka kichwani. Nikamwambia. Nilimwambia mkuki, vijiti, upanga, na leso elfu, na mimi juu ya kiti, na sikio. Nililia kwenye simu ya barabarani, mwanamke aliyekuwa akingoja nje akaniwekea mwavuli mlangoni akaondoka pembeni.

 Upande wa pili nilimsikia mwenye duka anapima sukari.

"Ulipunga kwa mkono mmoja au miwili?" baba akauliza.

"Miwili."

"Basi ulifanya nilivyokufunza. Wao ndio hawakuisoma leso." Akapumua. "Hao ndio Wareno?"

"Hapana, baba. Wareno ni jirani zao. Ni ng'ambo ya mto tu."

"Ah," akasema, na sauti ikaanza kumtetemeka, nikaogopa. "Basi we Mize umegonga nyumba siyo." Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, Faki akachukua simu kuuliza nimemwambia nini, baba akamnyang'anya. "Na ng'ombe wa watu, jina lake?"

Nilitazama kiganja, ingawa wino ulishafutika siku nyingi. "Panadero. Mchoma mikate."

"Panadero," akasema. Akalirudia mara mbili, kulipima. "Faki. Yule wako mweusi, acheni kumwita Wee."

Ile leso niliituma mwezi wa Oktoba kwa Bi Salma wa Thamesmead, hapa hapa London, aliyekuwa anakwenda Pemba kuoza mtoto. Babu Tomasi nilimwandikia kumwomba ruhusa, akajibu kwa mstari mmoja kwamba kitu cha kupunga kisikae sarakani.

Wiki iliyopita ndiyo wamecheza ng'ombe kijijini kwetu. Faki alipiga simu jioni, ana hasira. Walimbeba baba kwa kiti mpaka uwanjani, na leso akaishika mwenyewe kwa mkono wake mzima, hakutaka mwanamke yeyote amshikie. Panadero aliingia, akazunguka mara mbili tu, na baba akapunga.

"Mara mbili, Mize. Ng'ombe hata jasho hajatoka. Watu wamelalamika, zumari imekatizwa katikati, wageni wametoka Micheweni kwa miguu. Namwambia baba bado, yeye anapunga tu. Anapunga na analia."

"Mlifanyaje?"

"Tungefanyaje? Mwenye leso haulizwi. Tumevuta kamba."

"Na Panadero?"

"Yuko hapa nyuma yangu," Faki akasema. "Anakula."